Spika ya Katikati Niliyoinunua Mara Mbili

Mama alipokuja kukaa nami Tabata akitokea Muheza, miguu ilikuwa imeanza kumsumbua, lakini masikio yalikuwa mazima. Nalisema hili mapema kwa sababu kwa wiki mbili nzima niliamini kinyume chake.

Sebuleni kwetu sofa limeitazama TV. Yeye siku ya kwanza tu alilikataa sofa, akataka kiti chake kiwekwe chini ya dirisha la kushoto ambako upepo unaingia jioni. Basi kila usiku baada ya isha tukawa tunatazama tamthilia, yeye pale dirishani, mimi na mke wangu na watoto kwenye sofa. Usiku mmoja mwanamume kwenye picha akasema, "Amefika." Mama akageuka, uso umembadilika, akauliza, "Kamzika nani?"

Watoto walicheka. Mimi sikucheka, maana haikuwa mara ya kwanza. Juzi yake paliposemwa "funga" yeye alisikia "chunga", na kisa chote kikampotea. Nikaanza kumwongezea sauti. Maneno yakifika pale anapoyasikia, ukija muziki au mlango ukibamizwa, madirisha yanatetemeka na jirani anagonga ukuta. Nikawa nakaa na rimoti mkononi tangu mwanzo hadi mwisho, napandisha watu wakiongea, nashusha ngoma zikilia. Nikamwambia mke wangu kwamba mwisho wa mwezi nitampeleka mama akapimwe masikio.

Kilichonisimamisha ni jambo dogo. Mwanamke kwenye picha alikuwa amesimama upande wa kulia wa kioo, anaongea na mumewe. Mama alikuwa anamtazama, kisha taratibu akainamisha kichwa kushoto, akaielekezea sikio spika iliyo karibu na dirisha, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Akasema, "Huyu yuko kule, mbona sauti yake inatokea huku?" Nikaenda nikachuchumaa kando ya kiti chake. Ni kweli. Ukiwa pale, kila mtu katika ile tamthilia alikuwa anaongelea ndani ya spika ya kushoto. Mimi miaka yote nilikuwa nakaa katikati ya sofa.

Spika zenyewe ni mbili, Wharfedale Diamond, nilizinunua pamoja na risiva ya chaneli tano, yaani ile mashine inayozigawia spika sauti, kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao na kuuza vitu vya nyumba yake Oysterbay. Nazipenda sana. Gilbert Briggs alianza kutengeneza spika za jina hilo mwaka 1932 katika chumba cha chini cha nyumba yake huko Ilkley, Uingereza, kwenye bonde la mto Wharfe, na jina limetoka huko. Mtu akiongea ndani ya spika hizi unamsikia na kifua chake, hakuna ukali, hakuna kelele ya bati. Sabufa, ile spika ya besi, niliiongeza baadaye. Ya katikati sikuitafuta, kwa sababu ukikaa katikati sawasawa, spika mbili zinakuundia mtu wa tatu ambaye hayupo. Sauti ileile ikitoka pande zote mbili kwa wakati mmoja, ubongo unaiweka katikati, kwenye kioo hasa.

Ukihama kidogo tu, yule mtu anahama nawe. Sikio la binadamu humfuata aliyewahi: spika moja ikitangulia hata kwa elfu moja ya sekunde, yaani sekunde iliyogawanywa mara elfu, sauti yote unaisikia imetokea kwake. Kiti cha mama kilikuwa mita moja na robo hivi kutoka spika ya kushoto, na zaidi ya mita tatu kutoka ya kulia. Kwa joto letu la Dar sauti inakwenda karibu mita 350 kwa sekunde, yaani sentimita 35 kwa kila elfu moja ya sekunde. Piga hesabu: ya kulia ilikuwa inamfikia mama ikiwa imechelewa kwa zaidi ya elfu tano za sekunde. Kwake yeye spika ya kulia ilikuwa ni mwangwi tu.

Tena hata aliyekaa katikati kuna kitu anapoteza, nami sikujua. Kila sikio linaisikia spika ya upande wake, kisha linaisikia ya upande wa pili ikiwa imechelewa kidogo sana kwa kukizunguka kichwa. Sauti hizo mbili zinapokutana zinakulana, na zinakulana zaidi karibu na masafa ya hezi 2,000, yaani mitetemo elfu mbili kwa sekunde. Ni mahali pabaya pa kukatwa. Irabu ziko chini na zina nguvu, zinafika hata ukiwa uani. Konsonanti ni nyepesi, nyingi zinakaa juu, na ndizo zinazobeba maana. Chukua fika, pika, shika, zika. Irabu ni zilezile katika maneno yote manne, ila ukikosea konsonanti moja, mtu aliyefika salama unamfanyia matanga.

Watu wa sinema walilijua tatizo hili zamani. Aprili 1933 wahandisi wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, walirusha kwa nyaya muziki wa Philadelphia Orchestra kutoka Philadelphia hadi ukumbini Washington, nao walitumia chaneli tatu: kushoto, katikati, kulia. Na mtu aliyewahi kuingia sinema ya Empire au Avalon hapa mjini enzi zile anakumbuka jinsi mhusika alivyokuwa anaongea kutoka mdomoni mwake hata kama wewe umekaa kiti cha pembeni kabisa. Katika majumba ya sinema kuna spika nyuma ya pazia lenyewe, na pazia lina vitundu vidogo vingi vya kupitishia sauti. Nyumbani kazi hiyo ndiyo ya spika ya katikati. Karibu maneno yote ya filamu yanapita humo.

Kwa hiyo Jumamosi nikapanda daladala kwenda Kariakoo.

Nieleze nilivyonunua, kwa sababu naamini wengi wananunua hivyohivyo. Kijana wa duka alinikaribisha vizuri: "Spika ya kati, bosi wangu? Hapa umefika, ipo mashine." Akashusha boksi. Ndani kulikuwa na spika ndefu, nyeusi ya kung'aa, wufa mbili za inchi sita, za sauti ya chini, na twita ya chuma, ya sauti ya juu, katikati yake. Nikaigonga ubavuni kwa vidole, ikajibu kwa uzito. Juu ya boksi waliandika P.M.P.O. wati 1,500. Siku hizi najua kwamba namba hiyo ni ya kuuzia tu, haina kipimo kimoja ambacho watengenezaji wote wanakifuata, na ukitaka ukweli tafuta wati zilizoandikwa RMS, yaani zile ambazo spika inazimudu kwa muda mrefu. Akanipigia wimbo mmoja wa bongo fleva kwa sauti kubwa, duka likajaa. Nikaangalia ukubwa, nikaangalia wati, nikaangalia kama ule weusi unafanana na fremu ya TV. Nikalipa shilingi 260,000.

Kitu kimoja sikukifanya: sikuisikiliza pamoja na zile mbili ambazo itakaa nazo maisha yake yote.

Usiku wa kwanza tulifurahi. Maneno yalitoka kwenye TV, mama akaacha kuitazama spika ya kushoto. Usiku wa tatu tukaweka filamu. Mwanamume alitoka jikoni, upande wa kulia wa picha, akavuka sebule kwenda mlangoni kushoto, anaongea njia nzima. Alianza na koo lake. Alipofika katikati akawa mtu mwingine, amebanwa pua, kila "s" inachoma sikio. Alipofika mlangoni akarudiwa na koo lake. Mama akauliza kwa upole kabisa, "Huyu akifika katikati anashikwa na mafua?"

Ukishalisikia jambo la namna hii huwezi tena kutolisikia. Mvua ya kwenye filamu upande wa kushoto ilikuwa mvua, upande wa kulia mvua, katikati kama chumvi imetupwa kwenye moto. Nikajaribu kila kitu. Nilipunguza ukali wa ile spika, nikawa kama nimeifunika blanketi. Nilishusha sauti yake, maneno yakazama tena. Nikarudia kupima kwa maikrofoni ya risiva. Kipimo kilisawazisha ukubwa wa sauti na umbali, kikapunguza makali kidogo, lakini mtu alibaki yuleyule mwenye mafua. Halafu binti yangu, ambaye hukaa mwisho wa sofa upande wa kulia, akaanza naye kuuliza "amesemaje?" Huyo ana miaka tisa na masikio ya paka.

Magomeni kuna fundi mmoja mzee, ametengeneza redio tangu enzi za kaseti. Nilimpelekea habari, si spika. Akanisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Uliisikiliza pamoja na wenzake kabla hujalipa?" Nikamwambia hapana. "Basi uliposa kwa picha, kijana wangu. Jumapili nakuja."

Alikuja kwa bodaboda, kabeba mkoba mdogo. Hakufungua chochote. Aliomba rimoti ya risiva, akaingia kwenye menyu, akatafuta mlio wa kupimia. Kila risiva ya sinema ya nyumbani inao: ni ule wa shwaa, unaopita spika moja baada ya nyingine. Akamwomba mama afumbe macho. "Mama yangu, wewe niambie tu unasikia nini."

Shwaa ya kushoto. Mama akasema, "Mvua juu ya bati."

Shwaa ya katikati. "Mafuta yanakaangwa."

Shwaa ya kulia. "Mvua juu ya bati."

Sote tulikaa kimya. Nilikuwa nimesumbuka wiki mbili na menyu za risiva, na bibi mwenye miaka sabini na mbili amelimaliza kwa sentensi tatu.

Fundi akaitoa ile nyeusi. Akachukua spika yangu ya kulia, akaisimamisha juu ya kigoda mbele ya TV, ikaziba nusu ya picha, akaifunga waya wa katikati. Akabonyeza tena. Mama akasikiliza ya kushoto, akasikiliza ya katikati, akasema bila kufumbua macho, "Hiyo ni mvua moja."

Hapo ndipo nilipoelewa maana ya spika kulingana. Nilidhani ni ukubwa na nguvu. Fundi alinieleza kwamba nguvu ndiyo jambo jepesi kuliko yote, maana spika moja ikiwa na sauti kubwa kuliko nyingine, risiva inaishusha hadi zilingane. Tofauti ya desibeli 3, kipimo cha ukubwa wa sauti, inataka wati mara mbili kuifidia, nazo zinapatikana. Rangi ya sauti ndiyo hairekebishiki kwa rimoti. Rangi inatokana na twita imetengenezwa kwa nini na ina umbo gani, koni ya wufa, yaani ule uso wake unaotetemeka, ni ya kitu gani, na krosova, yaani ile saketi ndani inayogawa sauti ya juu iende kwa twita na ya chini iende kwa wufa, inagawia wapi. Twita zangu ni za kitambaa laini. Ile ilikuwa ya chuma, na aliyeitengeneza kiwandani alitaka ing'are dukani. Haikuwa mbovu. Ilikuwa ya ukoo mwingine.

Akanionyesha na kilichomkosesha binti yangu maneno, na hili nalitamani kila mwenye familia kubwa alijue, kwa sababu spika za katikati nyingi zimejengwa hivyo: wufa mbili zimelala kulia na kushoto, twita katikati. Umbo hilo limechaguliwa ili spika iwe fupi na iingie chini ya TV. Ukikaa mbele yake sawasawa, wufa zote mbili zinakufikia kwa pamoja. Ukikaa pembeni, moja iko karibu zaidi. Zangu zilikuwa na sentimita kama 30 kati yake, na pembe ya binti yangu ilitosha kufanya moja iitangulie nyingine kwa sentimita 12 au 13. Sauti ya hezi 1,350 hivi ina wimbi la urefu wa sentimita 25 na ushei. Nusu ya wimbi ni hiyohiyo 12 au 13. Maana yake wufa moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, na pale alipokaa mtoto sauti inafutika, katikati kabisa ya maneno. Fundi aliniambia nihame mwenyewe polepole kutoka katikati ya sofa hadi mwisho huku mlio unalia. Nilisikia kitu kikiondoka, kama mtu anafunga mlango kidogo kidogo. Zipo spika za katikati zilizolikwepa hilo kwa kuweka spika ndogo ya masafa ya kati na twita juu yake, zimesimama, kisha wufa pembeni. Ni ndefu kwa kimo na ghali zaidi. Kama nyumbani kwako watu wanakaa wamesambaa, hizo ndizo za kuangalia.

Nikabaki na njia chache. Ya kwanza ni spika ya katikati ya mfululizo uleule wa Diamond. Kila mfululizo huwa na ya kwake, imetengenezwa kwa twita zilezile ili iongee sauti moja na wenzake. Ila wangu ni wa miaka mingi nyuma, haujengwi tena, nikazunguka Kariakoo na maduka ya Posta bila kuupata, na kuagiza nje mzigo mzito wa kilo kadhaa kunakula pesa kuliko mzigo wenyewe. Ya pili ni kuchukua ya mfululizo mpya wa kampuni ileile. Fundi alisema hiyo ni binamu: mtafanana, ila wageni watawatofautisha. Ya tatu ni kupata spika moja kama nilizo nazo, ileile hasa, na kuisimamisha katikati.

Hii ya tatu ndiyo iliyo bora kuliko zote, hata kuliko spika iliyotengenezwa kwa kazi ya katikati, maana hakuna anayelingana na mtu kama pacha wake. Ugumu ni kwamba spika hizi zinauzwa mbilimbili. Nani atakuuzia moja?

Mwezi mmoja ulipita. Mama alivumilia, tukarudi kwenye spika mbili, mimi na rimoti yangu. Kisha fundi akanipigia: kuna mwenzake Kinondoni ameletewa Diamond moja. Mwenye nayo alikuwa anakaa karibu na bonde la Msimbazi, maji ya mvua yakaingia ndani usiku, moja ilikuwa sakafuni na nyingine juu ya kabati. Nilipofika niliziona zote mbili zimewekwa mezani. Ile iliyoloa ilikuwa imevimba ubavuni kama mkate uliodondoka kwenye chai, maana mbao zake ni za unga uliogandamizwa na hazipendi maji hata kidogo. Ya pili ilikuwa nzima, pweke, imesimama pale tangu mwezi uliopita kwa sababu hakuna anayetaka spika moja. Niliihurumia, nasema kweli. Bei ilikuwa shilingi 60,000.

Safari hii sikulipa kwa macho. Nilikuwa nimeibeba moja ya zangu kwenye bajaji, nimeizungushia khanga. Tulifanya mambo manne. Tulibonyeza koni polepole kwa vidole viwili pande zote, ikaingia na kutoka bila kukwaruza. Hiyo inakuambia kwamba koili, ule waya uliozungushwa ndani, haijaungua wala kupinda. Tuliangalia ule ukingo unaoizunguka koni, kwa sababu hapa pwani joto na unyevu vinamaliza kingo za sponji, unakuta zinapukutika kama makombo. Hizi ni za mpira, zilikuwa laini bado. Tukapima kwa mita ya fundi. Spika ya omu 6, kipimo cha ukinzani wa umeme, haisomi 6 kwenye mita, inasoma chini kidogo, kwa hiyo namba si hoja sana. Hoja ni kwamba yangu na yake zilisoma karibu sawa. Mwisho fundi alichukua betri ya redio ya volti moja na nusu, akagusisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, mara moja tu, tak. Koni yangu ikaruka mbele. Koni yake ikaruka mbele. Ingerudi nyuma, ingekuwa kuna mtu aliyewahi kuifungua na kugeuza nyaya ndani, nayo ingevuta hewa wakati wenzake wanasukuma.

Kisha tukaziweka sambamba, tukapitisha sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari kutoka simuni, mara kwa hii, mara kwa ile. Nikageuka nyuma ili nisijue ipi inalia. Sikuweza kuzitofautisha. Nikalipa.

Ile nyeusi nilimuuzia kijana mwenye kibanda umiza kwa 150,000, nikamweleza kila kitu kilichonikuta. Kwake ilikaa peke yake, haina wa kulinganishwa naye, na anaifurahia hadi leo.

Sasa palibaki suala la mahali. Spika iliyosimama ina kimo cha karibu sentimita 30, na meza yangu ya TV ilikuwa na nafasi ya kuingiza king'amuzi tu. Kuilaza sikutaka. Ukilaza spika ya namna hii, wufa na twita vinakuwa pembeni kwa pembeni, na ule ugonjwa wa kupotea maneno pembeni unarudi kwa mlango mwingine. Nyumba ni ya kupanga, sikutaka kutoboa ukuta nitundike TV. Nilikwenda Keko kwa mafundi seremala na karatasi yenye vipimo, wakanitengenezea meza ya mninga: chini mahali pa risiva, wazi nyuma ili ipumue, maana risiva inayofungiwa kabatini kwa joto letu inajizima yenyewe, kati mahali pa spika, juu TV. TV ilipanda sentimita chache kuliko nilivyopenda. Nilikubali. Watu wengine wangechagua picha ikae chini na sauti iumie, na kwangu huo ni uamuzi mbaya, kwani shingo inazoea lakini sikio halizoei.

Mke wangu aliuliza kama sumaku ya spika haitaharibu rangi za TV. Ilikuwa hoja ya kweli enzi za TV za kichogo, ambapo spika ya katikati ilibidi iwe na kinga ya sumaku. TV hizi bapa hazijali.

Vitu viwili vidogo vya mahali vilinisaidia kuliko nilivyotarajia. Niliivuta spika mbele hadi uso wake ukawa sawa na ukingo wa rafu, maana ikiwa ndani sauti inagonga ubao wa chini na wa pembeni na kuwa kama mtu anayeongelea ndani ya ndoo. Na kwa kuwa twita yake iko chini kuliko za wenzake, niliinamisha spika nzima nyuma kidogo, itazame masikio ya watu badala ya magoti. Nilichokiweka chini ya ukingo wa mbele ni kipande cha kandambili la zamani. Kinazuia na mtetemo.

Kupima kwa maikrofoni nilikufanya saa saba usiku. Mchana Tabata haina kimya: bodaboda, watoto, mafundi wa kuchomelea. Nikazima feni na friji, nikafunga madirisha, nikakaa nje ya mlango nikitokwa jasho huku risiva ikipiga milio yake. Maikrofoni niliiweka kwanza katikati ya sofa, kisha kwenye kiti cha mama, usawa wa sikio lake. Baadaye nikahakikisha kwamba spika zote tatu za mbele risiva imeziandika "ndogo", na sauti yote iliyo chini ya hezi 80 imepelekwa kwa sabufa. Spika ya wufa ya inchi tano ukiiachia besi yote, inahangaika, na inapohangaika maneno ndiyo yanayoumia kwanza.

Tamthilia zetu nyingi zinarushwa kwa chaneli mbili tu, na kuna mtu aliniambia kwamba kwa sababu hiyo spika ya katikati haina kazi kwetu. Risiva inayo namna ya kuzisoma chaneli mbili, ikachukua kile kilicho sawa pande zote, ambacho kwa kawaida ni maneno, na kukipeleka katikati. Kampuni ya Dolby ililileta jambo hilo majumbani kwa jina la Pro Logic mwaka 1987, na risiva za sasa zinalifanya vizuri zaidi. Kitufe kiko kwenye rimoti. Mimi nilikikalia miaka.

Kama ningekuwa naanza upya, ningenunua spika tatu za mbele siku moja, mfululizo mmoja, hata kama ni za bei ndogo. Na kijana anayeishi peke yake, anayekaa katikati ya sofa lake kila siku, ningemwambia abaki na mbili nzuri kuliko kuchomeka ya tatu isiyofanana nazo. Ila nyumba yenye watu, yenye mzee dirishani na mtoto mwisho wa sofa, inaihitaji.

Usiku wa kwanza wa meza mpya sikumwambia mama kwamba nimemaliza. Tamthilia ikaanza. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, anatazama kwa jicho moja. Mwanamke kwenye picha akaingia kwa upande wa kulia, anamlalamikia shemeji yake, akapita hadi kushoto. Mkono wa mama ukasimama juu ya ungo. Kichwa chake kikamfuata yule mwanamke polepole, kulia, katikati, kushoto, na wala hakuielekea spika ya dirishani. Akarudi kwenye mchele wake.

Baada ya kitambo akasema, "Baba, punguza hiyo sauti. Tunasikia."